Ngozi Iliyoiva Juu Tu

6 Machi

Mdogo wangu,

Kiwanda changu cha ngozi kilichukuliwa Jumatatu, tarehe tatu Machi, asubuhi, kabla chai haijapoa. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua: ningeanza na salamu, ungezisoma salamu ukaitia barua mfukoni. Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe limekuwa kama mgeni asiyejua kuaga. Anakuulizia. Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao yu hai, ila hana kazi.

Walikuja na malori mawili na bendi ya matarumbeta. Nimeona watu wakinyang'anywa vitu, lakini kunyang'anywa kwa muziki ndiyo mara yangu ya kwanza. Mbele alisimama afisa wa Uhamasishaji wa wilaya, kijana mwenye suti inayombana kwapani, ambaye hamalizi sentensi bila kutaja asilimia. Fundi Kisu akambatiza Bwana Asilimia kabla hotuba haijafika katikati. Fundi Kisu unamkumbuka, mkwanguaji wangu, yule tuliyeanza naye tukiwa na mapipa mawili chini ya turubai.

Bwana Asilimia akatangaza kwamba taifa zima limesimama. Kuanzia mwaka huu hatuuzi tena ngozi mbichi nje na kurudi kununua viatu. Viatu vitashonwa hapa hapa, milioni tano, kila mguu kiatu. Kwa hiyo viwanda vinne vya ngozi vya mji huu vinakuwa kimoja, kinaitwa Karakana Kuu, ndani ya lile ghala la nafaka karibu na reli. Mimi sipingi, na kama kuna mtu huko kwenu anayeandika nani anapinga, aandike hivyo. Miaka yote nimesema, nchi inayouza ngozi na kununua viatu ni sawa na mtu anayeuza kuni halafu anabisha hodi kwa jirani kuomba moto. Lakini nilimuuliza swali la kazi.

"Mashimo yangu mtayabebaje? Shimo halipandi lori."

"Mama, tutachukua vifaa, ngozi na wafanyakazi. Mashimo tutayafukia, ili nguvu ya taifa isigawanyike."

Wakayafukia yote kumi. La kwanza nililichimba mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwaka uliofuata kifo cha Baba. La kumi nililichimba ulipomaliza mtihani wako wa mwisho, kwa sababu ndipo nilipopata nafasi ya kujifikiria. Wakamwaga kifusi juu ya maji ya magome ya kuivishia ngozi, yaliyochukua miaka kukolea, na bendi ikapiga wimbo wa kasi.

Kisha akanigeukia akitabasamu. "Sasa mama, sema neno moja tu mbele ya wananchi. Kwamba umetoa kwa moyo mkunjufu."

Nikamwambia moyo wangu haukunjuki.

"Lakini familia yenu imekwisha kutoa," akasema. "Sisi tumekuja kupokea tu."

Familia ipi? Familia ni Mama, mimi na wewe. Mama hana cha kutoa, hata hilo goti hakuna wa kulipokea. Wewe uko makao makuu ya Uhamasishaji, meza yako iko karibu na masikio ya wakubwa. Niulizie nani alinitoa. Nataka jina. Pole sitaki, za majirani zimenitosha.

Dada yako

2 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zipokee kwa mikono yote, wewe na Mama. Nisamehe kuchelewa. Kazi zimetukaba koo, tunaingia ofisini na kutoka bila kuliona jua. Mkubwa wa watoto amechaguliwa kuongoza gwaride la shule yao, akikuona atakupigia saluti. Nimemtumia Mama dawa ya kuchua, achue goti kuelekea juu, si kuelekea chini.

Barua yako niliipata na niliisoma kwa moyo. Dada, najua inauma. Lakini wewe si mtu wa kawaida. Wewe ulianza na mapipa mawili, leo jina lako linatajwa kwenye vikao ambavyo hata mimi naketi nyuma. Tunajenga kitu ambacho wajukuu watatushukuru. Kila mahali watu wanatoa, mwenye lori lori, mwenye cherehani cherehani, na wanatoa wakiimba.

Kuhusu ulichouliza. Mambo haya hufanyika kwa pamoja, Dada. Si rahisi kusema hili limetoka kwa fulani, kama usivyoweza kusema ni tone lipi lililojaza ndoo.

La muhimu ni hili. Tarehe tano Julai mgeni mkubwa kabisa anakuja hapo kwenu kuzindua Karakana Kuu. Waliotoa wataitwa jukwaani na wewe umepangwa wa kwanza. Ni maneno machache tu. Nimekuombea pia nafasi ya Msimamizi wa Mashimo, na nimekubaliwa. Umeona sijakusahau.

Mdogo wako akupendaye

11 Aprili

Mdogo wangu,

Dawa imefika. Mama amejichua kuelekea juu, kuelekea chini na kuelekea kwa jirani, na nyumba nzima inanuka duka la dawa. Afadhali hivyo, kwani mimi nikirudi kutoka Karakana Kuu paka anatoka nje. Mama anakushukuru. Aliuliza kama umenenepa. Nikamwambia kwa barua hii inaonekana umeteleza zaidi kuliko kunenepa.

Kilemba cha ukoka ulichonivika nimekivua mlangoni. Usimamizi nimeupokea, kwa kuwa wafanyakazi wangu kumi na mmoja wamo humo ndani na sitawaacha peke yao. Sasa nikueleze unachokijenga kwa ajili ya wajukuu.

Ghala halina mtaro. Lilijengwa kwa nafaka, na nafaka haitoi damu. Ngozi zinaletwa na treni kutoka kila upande, zimerundikwa kama magunia, bila chembe ya chumvi, maana chumvi yote ya wilaya imepelekwa kwenye Uhamasishaji wa Samaki. Ngozi isiyotiwa chumvi siku ya kuchunwa inaanza kufa upya. Ukiivuta, manyoya yanabaki mkononi kama nywele za mgonjwa. Chini ya rundo kuna maji ya kijani yanayotembea polepole kuelekea mlango wa ofisi. Bwana Asilimia amewekewa matofali ya kukanyagia, na leso haitoki puani. Fundi Kisu anasema ngozi zinazofika hapa hazihitaji fundi, zinahitaji sanda.

Nikamfuata Bwana Asilimia na hesabu. Mashimo yako ni thelathini na mawili. Kila shimo linameza ngozi arobaini, hivyo ukijaza yote una ngozi elfu moja mia mbili themanini. Ngozi inakaa mashimoni miezi minne. Gawanya: mia tatu ishirini kwa mwezi. Kwenye ubao wako umeandika elfu nne.

"Mama, hizo hesabu ni za zamani."

"Hesabu haizeeki, mwanangu. Wanaozeeka ni watu."

"Wewe una mawazo ya shimo moja moja. Taifa linafikiri kwa ujumla."

"Basi taifa liingie shimoni kwa ujumla, maana ngozi hazitaenea."

Kijana wa watu akacheka kidogo, halafu akakumbuka cheo akaacha.

Hujanijibu. Tone langu kwenye ndoo lina jina, na aliyelimimina ana mkono. Nakuuliza mara ya pili. Na kuhusu jukwaa, waambie watafute mwingine wa kwanza. Mimi sikutoa. Nilifukiwa.

Dada yako

9 Mei

Dada,

Natumai hamjambo. Kwanza, tafadhali usitume barua ofisini. Hapa barua zinafunguliwa na karani kabla hazijanifikia, na ile ya samaki na chumvi ilisomwa na watu wawili. Tuma nyumbani. Anwani ni mpya, iko nyuma ya bahasha. Tumehama. Nimepandishwa kuwa Naibu Mratibu, na nyumba ina bustani.

Pili, habari njema. Ile shida yako ya miezi minne imepata ufumbuzi. Imegundulika kwamba muda mwingi ule ulikuwa mazoea tu ya mafundi. Kuanzia katikati ya Aprili karakana zote za taifa zinatumia njia ya siku kumi na tano. Nilikuwemo kikaoni ilipopitishwa, na watu walisimama kupiga makofi.

Tatu, maneno yako ya tarehe tano Julai nimekuandikia mimi mwenyewe, usihangaike: "Nilikitoa kiwanda changu kwa mikono yangu miwili, bila kuombwa, na leo ninaona matunda." Ni hayo tu. Yajifunze. Dada, ninakuomba. Ninakuomba sana kuliko ninavyoweza kuandika.

Msalimie Mama.

Mdogo wako

1 Juni

Mdogo wangu,

Hongera ya cheo. Mama alifurahi, akauliza bustani imepandwa nini. Nikasema waridi. Goti limepungua. Wifi hukumtaja safari hii wala watoto, natumai bustani haijawameza.

Bila kuombwa. Nimeyasoma maneno hayo mara moja na yamenitosha.

Sasa njia yako ya siku kumi na tano. Amri ilifika, ikabandikwa ukutani, na Bwana Asilimia akaisoma juu ya matofali yake. Mashimo yote yajazwe maji makali ya mwisho. Ngozi ikitoka kukwanguliwa iingie humo moja kwa moja. Nilipinga mbele ya wafanyakazi wote, nikaambiwa nimechoka, nikapewa likizo ya siku tatu nisiyoiomba. Niliporudi yote yalikuwa yamejazwa.

Nitaeleza kwa ufupi, ili asiwepo atakayesema hakuelezwa. Ngozi huanza kwenye maji mepesi ya magome, mepesi kama chai ya mtu bahili. Inahama shimo hadi shimo, na kila shimo limekolea kuliko lililotangulia, mpaka la mwisho lililo jeusi kama lami. Inakunywa polepole mpaka moyoni. Ukiitupa mbichi kwenye maji makali, uso wake unajifunga hapo hapo. Juu inaiva, inapata rangi nzuri, inang'aa, inapigwa picha. Ndani dawa haipiti. Ndani ni nyama ileile, imefungiwa gizani, inaoza.

Ubaoni wameandika asilimia mia moja na kumi na nane.

Wiki iliyopita mnyapara wa kikosi cha barabara alikuja getini amebeba gunia. Mtu mzima, mweupe kwa vumbi, anatembea pekupeku.

"Fundi wa hapa nani?"

"Mimi."

"Vua viatu vyako, vaa hivi."

Nikavaa. Mdogo wangu, mguu uliingia kwenye kitu chenye ubaridi wa ulimi. Nilipokanyaga, soli ilisogea kama sabuni iliyolala majini. Nikavua. Fundi Kisu akachukua kimoja, akakipasua kwa kisu chake kuanzia kisigino. Nje rangi ya asali, safi kabisa. Katikati mstari mweupe, unatoa ute, na ule ute ulikuwa unatikisika. Harufu ikapanda. Wanawake wa kushona wakakimbilia dirishani. Mimi nimekula chakula changu kando ya mashimo ya ngozi miaka yangu yote, na siku ile nilitapika ukutani mbele ya mnyapara wa watu.

"Vijana wangu wanavaa hivyo kutwa nzima kwenye kokoto za moto," akasema. "Wengine miguu imetoka vidonda, na vidonda vinanuka hivyo hivyo. Usiku siwezi kuingia bwenini mwao. Mmoja daktari amemkata vidole. Ninyi mna laana gani?"

Fundi Kisu akamjibu, "Laana yetu ina mhuri, bwana. Nenda ofisini ukaione."

Tukaenda. Bwana Asilimia alikitazama kile kiatu kwa mbali, akafunika pua. Nikamuuliza ni mtaalamu gani aliyewapa akili hiyo. Akasema kwa heshima kubwa, kama anayetaja mtakatifu: "Imetoka juu kabisa. Kwa mtu aliyekulia ndani ya ngozi."

Nilirudi nyumbani nikaketi.

Ulikuwa na miaka kumi nilipokuleta kiwandani mara ya kwanza. Ulifika kwenye chokaa ya kung'olea manyoya, ukatapika. Kesho yake ukatapika. Nikakuhurumia, nikakuweka shimo la mwisho, kwa kuwa hapo ngozi imekwisha kuwa ngozi na harufu yake ni tamu. Miaka yote uliyofanya kazi kwangu hukupita shimo lingine. Ukawa unavuta ngozi zilizokwisha kuiva, na ukaamini wewe na shimo lako ndio mmeziivisha. Siku moja tukiwa mezani ukasema, "Dada, kwa nini tusitie zote shimo la mwisho? Mengine yanatuchelewesha." Mama alicheka mpaka akamwaga mchuzi. Kwa miaka ikawa utani wetu, mtu akichelewa kuvaa anaambiwa aende shimo la mwisho.

Fundi asingeweza kukosea hivi. Na asiye fundi asingejua kwamba shimo la mwisho lina maji makali. Duniani yupo mtu mmoja tu anayejua nusu moja na kukosa nusu ya pili.

Sisemi zaidi. Nangoja useme wewe.

Dada yako

14 Juni

Dada,

Mama anaendeleaje? Mwambie bustanini hakuna waridi, kuna majani tu na mtu wa serikali huja kuyakata. Wifi yako yuko kwao na watoto tangu mwezi wa tano. Anasema ni mapumziko.

Barua yako niliichoma. Umeandika kwa hasira, na una haki ya hasira. Sitajibu neno kwa neno. Nitakuhadithia tu habari ya mwenzangu mmoja hapa ofisini.

Mwezi wa kwanza tuliitwa ukumbini, watu kama mia tatu. Mkurugenzi akasema: kabla hatujawaambia wananchi watoe, sisi wenyewe tunatoa nini? Watu wakaanza kusimama, safu kwa safu. Mmoja akatoa gari. Mmoja akatoa shamba la mkewe, na mkewe hana habari. Huyu mwenzangu hana kitu. Nyumba ni ya kupanga, viti ni vya ofisi, hata saa aliyovaa alipewa na dada yake. Na zamu inakuja, safu ya nne, safu ya tano, na anayekaa kimya anatazamwa. Ilipomfikia alisimama na mdomo mtupu, akausikia mdomo ule ukitaja mali ya ndugu yake. Ukumbi mzima ukalipuka. Dada, makofi ya watu mia tatu yanaingia mwilini kama maji ya moto mtu akiwa na baridi. Yeye maisha yake yote alikuwa ni yule aliyesomeshwa, aliyelishwa, aliyevishwa. Siku ile alikuwa ni mtoaji.

Baadaye wakamwita. Wewe umekulia kwenye kazi hiyo, tusaidie, miezi minne ni mingi. Angesema nini? Hajui? Baada ya kutoa?

Jina lake sitakuambia.

Nakuomba upande jukwaani useme yale maneno. Wakijua hukutoa, hawatauliza habari za mashimo, wataniuliza mimi nilipata wapi ruhusa. Nina watoto, Dada. Kuhusu viatu usiwe na wasiwasi, uchunguzi umeanza na mhusika atapatikana hapo hapo karakanani. Nimehakikisha jina lako halimo.

Mdogo wako

25 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo, anatembea hadi getini. Wifi kwenda kwao mwezi mzima na watoto katikati ya shule si mapumziko, na wewe unajua, kwa hiyo tusiongezeane uongo. Mpelekee salamu zangu. Mwenzako naye nimemsoma. Namhurumia kwa dakika aliyosimama ukumbini na mdomo mtupu. Kwa yote yaliyofuata namwonea kinyaa, na nimetafuta neno jingine la upole zaidi nimelikosa.

Mhusika amepatikana. Jumatano iliyopita walikuja watu watatu wakamchukua Fundi Kisu kwenye meza yake ya kukwangulia, aproni ikiwa bado kiunoni. Wanasema alikwangua vibaya kwa makusudi, nyama ikabaki, viatu vikaoza. Wanaiita hujuma. Nilisimama mlangoni nikawaambia kosa si la kisu, kosa ni la maji. Mmoja akanijibu, "Mama, maji hayafungwi." Fundi Kisu akaniangalia akasema, "Dada, usipige kelele, utafukiwa na wewe." Wakacheka wao, yeye hakucheka. Mkewe huja kila asubuhi kuketi nje ya ghala kana kwamba bado yumo ndani. Bwana Asilimia amehamisha matofali yake apite mlango wa nyuma.

Ulihakikisha jina langu halimo. Orodha uliiona, basi. Ulipoliondoa jina langu uliliona la kwake, ukaliacha likae. Mtu aliyekubeba mabegani kukupeleka hospitali ulipougua homa. Hilo sikulitarajia hata kwa mwenzako.

Sasa sikiliza, tuongee kama watu wa kazi. Nimepiga hesabu yako na yake. Ukisema njia ile ulileta wewe, utashushwa cheo, utarudi nyumba ya kupanga, utaonwa mjinga. Hutafungwa. Waliokusikiliza ni wakubwa, na walisimama kukupigia makofi, hawawezi kukufunga bila kujifunga wao. Fundi Kisu hana aliyempigia makofi. Yeye ni kifungo cha miaka kumi na mitano, na umri wake ni hamsini na nane.

Kwa hiyo nakuletea biashara, na haina maneno ya pembeni. Andika kwa mkono wako, kwa mpelelezi wa wilaya, kwamba amri ya kutia ngozi mbichi kwenye maji ya mwisho ilitokana na ushauri wako, na kwamba mkwanguaji hana hatia. Ukifanya hivyo, akatoka, Jumamosi tarehe tano nitavaa nguo yangu nzuri, nitapanda jukwaani wa kwanza, nitasema mbele ya mgeni wenu nilikitoa kiwanda kwa mikono yangu miwili, bila kuombwa. Nitalisema vizuri. Uongo huo nitaubeba mimi mpaka kaburini na mashimo yangu sitayadai kwa yeyote. Mtu akiuliza, nitasema ndiyo, nilitoa, na mdogo wangu ana kosa moja tu la ufundi.

Usipoandika, nitapanda jukwaani vilevile. Jina langu limo kwenye ratiba na hawana muda wa kulifuta. Nitapanda na kiatu kimoja kipya kutoka Karakana Kuu na kisu cha kazi, nitakipasua mbele ya pua ya mgeni, halafu nitaeleza kwa kipaza sauti ni nani duniani anayeweza kufanya kosa la namna ile, na kwa nini. Mama nimemwambia. Akaomba nimtafutie kiti cha mbele. Sijajua anataka kuketi hapo kwa ajili yako au kwa ajili yangu, na sikumuuliza.

Barua hii anakuletea mkononi dereva wa treni ya ngozi. Amekubali kukungojea mpaka umalize kuandika, na anarudi huku Ijumaa. Usinitumie hadithi ya mtu mwingine. Usiniambie mambo hufanyika kwa pamoja. Usiniulize hali ya Mama.

Ni wewe uliyewaambia watie ngozi zote shimo la mwisho, ndiyo au hapana? Na utamwandikia mpelelezi, ndiyo au hapana? Nitakuwa stesheni Ijumaa, tarehe nne Julai. Saa sita mchana juu ya alama nataka neno lako mkononi mwangu.

Dada yako